Kuhakiki Vyanzo vya Makala ya Kurejesha Uasilia wa Bahari: Dalili, Visababishi na Namna ya Kurekebisha

Makala ya kamusi elezo kuhusu kurejesha uasilia wa bahari huvutia wahariri wengi kwa sababu imebeba habari njema: nyangumi wanaongezeka, mikoko inaota upya, samaki wanarudi kwenye miamba iliyokuwa imebaki mitupu. Habari njema huandikwa haraka na kuhakikiwa polepole. Kati ya wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili hapa Uganda, kuanzia Kampala na Jinja hadi Mbale, maswali yanayoletwa ni yaleyale kila mara, na mengi yana kisababishi kinachojulikana. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kama fundi anavyoulizwa: gari linafanya nini? Kila dalili inaanza na kisababishi cha kawaida zaidi na ukaguzi mwepesi zaidi. Pale ambapo mhariri anapaswa kusimama na kumwita anayejua zaidi, nimesema wazi.

Kuna anayeuliza: Uganda haina pwani, tutahakiki vipi mambo ya bahari? Kuhakiki chanzo ni kazi ya kusoma. Mhariri wa Lamu naye hajawahi kumwona fisi-maji wa baharini wa Alaska. Wote wawili wanafungua chanzo kilekile na kusoma jedwali lilelile. Tena sisi tuna sababu ya ziada ya kuwa makini: msomaji wa Kiingereza akikuta kosa, ana makala nyingine kumi za kulinganisha. Mwanafunzi wa Tororo anayesoma kwa Kiswahili huenda ana hii moja tu.

Dalili: Namba inashangaza, na kila tovuti inairudia

Mfano unaoletwa kuliko yote: "Nyasi-bahari hufyonza kaboni mara 35 zaidi ya misitu ya mvua." Utaikuta kwenye tovuti za mashirika, magazetini na kwenye video. Kwa kuwa imo kila mahali, mhariri huona imeshathibitishwa. Lakini tovuti hamsini zilizonakiliana ni chanzo kimoja.

Kisababishi kinachoongoza ni namba kupoteza kipimo chake njiani. Mwaka 2011, jarida la Frontiers in Ecology and the Environment lilichapisha makala ya mapitio, yaani inayokusanya matokeo ya tafiti nyingi, iliyoongozwa na mtafiti McLeod. Ndani yake mna ulinganisho huu: nyasi-bahari huzika wastani wa gramu 138 za kaboni kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na udongo wa misitu ya tropiki huzika gramu 4. Gawanya 138 kwa 4, unapata 34.5, yaani ile 35 inayozunguka mitandaoni. Sasa angalia kilicholinganishwa: kaboni inayozikwa ardhini kwa muda mrefu, kwa mita ya mraba, kwa mwaka. Mashina na matawi ya miti hayamo katika hesabu hiyo. Ukubwa wa eneo pia haumo, na misitu ya tropiki duniani ni mikubwa kuliko nyasi-bahari kwa mbali sana. Namba yenyewe ni sahihi. Sentensi iliyoibeba ndiyo imeharibika.

Ukaguzi wa kwanza, unaochukua dakika moja: iulize namba maswali manne. Ni kiasi cha nini? Kwa eneo gani? Kwa muda gani? Ukilinganisha na nini? Ikishindwa kujibu hata swali moja, usiiweke kwenye makala mpaka uone ilipotoka.

Kisababishi cha pili ni hekta na ekari, na hapa Uganda ndipo tunapoteleza, kwa sababu masikio yetu yamezoea ekari. Katika ghuba za pwani ya Virginia, Marekani, watafiti wamekuwa wakipanda mbegu za nyasi-bahari tangu 1999. Taarifa yao ya 2020 katika jarida la Science Advances inasema zilipandwa mbegu zaidi ya milioni 70 na nyasi zikaenea hadi hekta 3,612. Magazeti ya Marekani yakaandika ekari 9,000 hivi, na yako sahihi, kwani hekta moja ni ekari 2.47. Anayeandika "hekta 9,000" amechukua namba ya gazeti na kipimo cha watafiti. Kila unapobadilisha kipimo, andika hesabu yako kwenye ukurasa wa majadiliano ili anayekuja nyuma aione.

Cha tatu ni kuchanganya asilimia na mara. Hifadhi ya Cabo Pulmo nchini Mexico ilitangazwa mwaka 1995 baada ya wavuvi wa kijiji kuomba eneo lao lilindwe. Utafiti uliochapishwa katika jarida la PLOS ONE mwaka 2011 ulionyesha kuwa uzito wa jumla wa samaki uliongezeka kwa asilimia 463 kati ya 1999 na 2009. Hiyo si "mara 463". Wala si "mara 4.63", ingawa kosa hili la pili ni gumu kulikamata. Palipokuwa na kilo 100 mwanzoni, mwishoni pana kilo 563, yaani zaidi kidogo ya mara tano na nusu ya mwanzo. Kwa msomaji wa Kiswahili ni heri uandike "ulifikia zaidi ya mara tano ya ule wa mwanzo" kisha uweke asilimia ileile ya chanzo.

Halafu kuna kaboni na hewa ukaa. Tani moja ya kaboni ikiungana na oksijeni huwa tani 3.67 za hewa ukaa. Mtu akiandika "tani za kaboni" mahali ambapo chanzo kinasema hewa ukaa, ameikuza namba karibu mara nne bila kugusa tarakimu hata moja. Kosa hili halionekani kwa macho. Linaonekana tu ukifungua chanzo. Miradi ya mikoko inayouza hati za kaboni, yaani vyeti vya hewa ukaa iliyofyonzwa au kuzuiwa, huhesabu kwa hewa ukaa, na tafiti za udongo mara nyingi huhesabu kwa kaboni tupu, kwa hiyo kuwa macho hasa pale makala inapotoka kwenye aya ya mradi kwenda kwenye aya ya sayansi.

Nadra zaidi, lakini hutokea kwa wanaotumia vyanzo vya Kifaransa au Kireno, kwa mfano vya Komoro au Msumbiji: mkato na nukta hubadilishana kazi. Huko "3,612" inaweza kuwa tatu nukta sita.

Marekebisho ya kina ni kwenda hadi kwenye jedwali lenyewe na maelezo yaliyo chini yake. Ikisiri, yaani muhtasari ulio mwanzoni mwa makala ya utafiti, haitoshi, na taarifa kwa vyombo vya habari ndiyo kabisa. Kisha andika sentensi upya ikiwa na mahali, mwaka na kipimo. "Nyasi-bahari hufyonza kaboni mara 35 zaidi ya misitu" inakuwa: "Kwa mujibu wa mapitio ya 2011, kila mita ya mraba ya nyasi-bahari huzika ardhini takriban gramu 138 za kaboni kwa mwaka, ikilinganishwa na gramu 4 katika udongo wa misitu ya tropiki." Ni ndefu, haina mvuto wa bango, na ni ya kweli.

Simama hapa: kubadilisha ekari kuwa hekta ni ruhusa. Kuchukua namba za tafiti mbili na kutafuta wastani wako mwenyewe si ruhusa. Huo ni utafiti mpya, na kamusi elezo si mahali pa kuuchapisha kwa mara ya kwanza. Namba zikikataa kupatana, muulize mtu wa takwimu au mhadhiri wa sayansi ya mazingira akuonyeshe mapitio yaliyokwisha kuzilinganisha.

Dalili: Vyanzo viwili vizuri vinataja miaka tofauti

Kabla ya kuamua nani kakosea, chunguza kama vyote viwili viko sawa. Hicho ndicho kisababishi cha kawaida zaidi. Marufuku ya kuwinda nyangumi kibiashara utaikuta imeandikwa 1982 hapa na 1986 pale. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliipitisha 1982. Ilianza kufanya kazi 1986. Mhariri anayefuta mwaka mmoja ili kubakisha mwingine amepoteza nusu ya habari. Andika yote mawili, kila mwaka na kitenzi chake: ilipitishwa, ilianza.

Mikataba ndiyo husumbua zaidi kwa namna hii, kwa sababu ina siku nyingi za kuzaliwa. Mkataba wa kulinda viumbe wa bahari kuu, nje ya mipaka ya nchi, ulikubaliwa Machi 2023, ukapitishwa rasmi tarehe 19 Juni 2023, ukafikisha nchi 60 zilizouridhia Septemba 2025, na ukaanza kutumika tarehe 17 Januari 2026. Hapa kisababishi cha pili nacho hujitokeza: chanzo kilikuwa sahihi siku kilipoandikwa, kisha kikazeeka. Makala inayosema "mkataba bado haujaanza kutumika" na kutaja gazeti la 2023 haikudanganya, imechakaa tu. Tafuta maneno "bado", "hivi sasa", "hivi karibuni" na "mwaka huu" katika makala nzima, na kila unapoyakuta weka tarehe badala yake.

Lengo kuandikwa kama tendo ni ndugu wa kosa hili. Desemba 2022, huko Montreal, nchi zilikubaliana kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na asilimia 30 ya bahari ifikapo 2030. Kuna makala zinazosema asilimia 30 ya bahari "inahifadhiwa". Kufikia 2024 sehemu ya bahari iliyo ndani ya maeneo yaliyotangazwa kuwa hifadhi ilikuwa asilimia 8 na kitu, na sehemu ambamo uvuvi umezuiwa kabisa ni ndogo zaidi ya hapo. Kutangaza na kulinda ni mambo mawili, na chanzo kizuri hukwambia kinahesabu lipi.

Kisababishi cha mwisho ni kupima vitu tofauti kwa jina moja. Tuna mfano wetu wa nyumbani: mgawo wa Uganda katika Ziwa Viktoria huandikwa asilimia 43 katika vyanzo vingine na 45 katika vingine, na vyote ni vyanzo vinavyoheshimika. Ikiwa hata ziwa tunalolitazama kutoka Entebbe lina namba mbili, usistaajabu miamba ya matumbawe ya dunia ikiwa na nne. Taja zote mbili na useme nani alisema ipi. Kuchagua moja kwa sababu ni kubwa, au kwa sababu inatupendelea, hakufai.

Dalili: Kiungo hakifunguki, au chanzo hakipatikani popote

Anza na mambo madogo. Bando limekwisha? Kivinjari cha simu kinafungua toleo bovu la ukurasa? Jaribu kwenye kompyuta kabla ya kumlaumu aliyekiweka.

Ukurasa ukiwa umefutwa kweli, nakili anwani yake uitafute kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za intaneti. Kurasa nyingi za miradi ya bahari hupotea ufadhili unapokwisha, na mara nyingi nakala ipo. Ukiipata, weka kiungo cha hifadhi pamoja na tarehe yake. Usifute kiungo cha awali.

Makala ikiwa imefungwa nyuma ya malipo, usilipe. Majarida kama PLOS ONE na Science Advances yako wazi kwa kila mtu. Kwa mengine, tafuta kichwa cha makala ndani ya alama za nukuu. Mara nyingi mwandishi ameweka nakala halali kwenye tovuti ya chuo chake. Mhariri mwenye mabadiliko 500 na zaidi, akaunti ya miezi 6 au zaidi, na mabadiliko 10 katika mwezi uliopita anaweza kuingia bure kwenye Maktaba ya Wikipedia, yenye majarida mengi ya kulipia. Wahariri wengi wa huku wametimiza masharti hayo na hawajui. Wanafunzi wa Makerere na vyuo vingine wana pia mlango wa maktaba zao.

Kisababishi ambacho zamani kilikuwa nadra na sasa kinakua kwa kasi: chanzo hakijawahi kuwepo. Programu za kuandika kwa akili mnemba hutunga marejeo yenye sura nzuri kabisa, majina ya watafiti wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaowezekana, na kichwa ambacho hakuna aliyekiandika. Ipime namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala, kwa kuiandika baada ya doi.org. Ikileta makala nyingine kabisa, au isilete kitu, tafuta kichwa. Kisha fungua ukurasa wa jarida wa mwaka na toleo lililotajwa. Vyote vitatu vikishindwa, ondoa rejeo hilo na sentensi inayolitegemea, ueleze sababu katika muhtasari wa hariri. Halafu kagua marejeo mengine yote yaliyowekwa na mkono uleule siku ileile, kwa sababu kughushi huku hakuji peke yake. Yakizidi mawili matatu, usiendelee peke yako. Wajulishe wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, kwa lugha ya upole, maana aliyeyaweka mara nyingi aliiamini programu na hakukusudia kudanganya.

Dalili: Chanzo kipo, kinafunguka, lakini hakisemi kilichoandikwa

Hii ndiyo dalili inayoniumiza zaidi, kwa sababu makala yenye tanbihi nyingi huaminiwa, na tanbihi zinaweza kuwa pambo.

Mara nyingi sentensi ilitafsiriwa kutoka Wikipedia ya Kiingereza pamoja na tanbihi zake, na mfasiri hakufungua hata moja. Kosa la Kiingereza likaja na mihuri yake. Tiba ni moja: usihamishe tanbihi ambayo hukuifungua. Kama sentensi tano zina vyanzo ulivyovisoma na ya sita huna, hamisha tano.

Wakati mwingine mwandishi alisoma ikisiri tu na kuacha masharti yaliyo ndani. Chukua fisi-maji wa baharini, mfano unaopendwa kuliko yote. Mwaka 1974 watafiti Estes na Palmisano walionyesha katika jarida la Science, wakilinganisha visiwa vya Aleutian, kwamba penye fisi-maji wengi misitu ya mwani mkubwa hustawi, kwa kuwa fisi-maji huwala wanyama wa miiba wanaoutafuna mwani. Ni kazi thabiti, na imejaribiwa mara nyingi tangu hapo. Lakini haisemi kuwa fisi-maji hurudisha msitu wa mwani popote wanapopelekwa, wala haihusu bahari ya kwetu, ambako fisi-maji hao hawapo. Makala ya Kiswahili inayosema "kurudisha wawindaji hurejesha bahari" na kutaja 1974 imeubebesha utafiti mzigo usio wake.

Kisababishi cha tatu kinatuhusu sisi wa Uganda moja kwa moja. Mhariri anajua historia ya sangara, ambaye huku twamwita mputa: aliletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 akawa ametawala huku spishi nyingi za nkejje, samaki wadogo wa ziwa hilo, zikitoweka. Anasoma kuhusu fisi-maji, anaona uhusiano, anaandika aya inayosema kuwa sangara ni onyo kwa wanaotaka kuhamisha viumbe baharini. Wazo ni zuri. Mimi binafsi naliona ni wazo zito, na natamani kulisoma likiandikwa na mtafiti wa hapa. Lakini kama hakuna chanzo kilichounganisha mambo hayo mawili, aya hiyo ni hoja ya mhariri, na tanbihi mbili zilizowekwa mwanzo na mwisho wake haziigeuzi kuwa kitu kingine. Ipeleke kwenye makala ya Ziwa Viktoria, sehemu ya sangara tu, au itafutie chanzo kinacholinganisha. Taasisi ya utafiti wa uvuvi ya taifa iko Jinja, na makao ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria yako Jinja vilevile. Ripoti zao ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ukaguzi: nakili sentensi ya makala kwenye daftari, na chini yake nakili neno kwa neno sentensi ya chanzo inayoithibitisha. Huipati? Basi haipo. Wala usikubali jibu la "imo kwa jumla".

Simama hapa: chanzo kikiwa na hesabu za kielelezo cha kompyuta usizozielewa, usikisie maana yake. Mwandikie mtaalamu, kwa mfano wa chuo kikuu, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar au wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya iliyoko Mombasa. Fahamu lakini kwamba barua yake si chanzo. Anakusaidia kuelewa na kukuelekeza kwenye machapisho. Unachokitaja ni chapisho.

Dalili: Utafiti mmoja mkubwa umegeuzwa neno la mwisho

Ishara yake ni maneno "wanasayansi wamethibitisha" yakifuatiwa na tanbihi moja. Kisababishi cha kawaida ni mhariri kuishia siku ya uzinduzi, vyombo vya habari vilipopiga tarumbeta, bila kutazama yaliyofuata.

"Bahari itakuwa haina samaki ifikapo 2048." Asili yake ni makala ya Science ya 2006, iliyoongozwa na mtafiti Worm. Ilikuwa makadirio ya iwapo mwelekeo ungeendelea vilevile, na "kuanguka" kwa uvuvi kulimaanisha mavuno kushuka chini ya asilimia 10 ya kilele chake. Kushuka kwa mavuno si kutoweka kwa samaki. Mwaka 2009 Worm huyohuyo, pamoja na Hilborn aliyekuwa mkosoaji wake mkubwa, waliongoza makala ya pamoja iliyoonyesha kuwa katika mifumo 5 kati ya 10 iliyochunguzwa kwa kina, kasi ya kuvua ilikuwa imeshuka. Makala inayotaja 2006 na kunyamaza kuhusu 2009 imemnyima msomaji sehemu yenye matumaini zaidi, na tena yenye somo.

Au chukua nyavu za kukokota chini ya bahari. Mwaka 2021, Sala na wenzake walikadiria katika jarida la Nature kaboni inayotikiswa kutoka sakafu ya bahari, na magazeti yakaandika kuwa ni sawa na uchafuzi wa ndege zote. Utafiti ulihesabu hewa ukaa inayoyeyuka majini, na kiasi gani kati yake hufika angani ni swali jingine. Mwaka 2023 jarida hilohilo lilichapisha pingamizi la Hiddink na wenzake kwamba makadirio yalikuwa makubwa mno. Andika madai, andika pingamizi, na usimtangaze mshindi.

Ukaguzi mwepesi: fungua ukurasa wa makala kwenye jarida na utazame kama kuna neno la kuondolewa, masahihisho au majibu. Jambo hili si la kinadharia. Mwaka 2014 Science ilichapisha utafiti kuhusu mabuu ya matumbawe na samaki kunusa maji ya miamba iliyoharibika na kuikwepa, na ukatumika sana katika mijadala ya kurejesha miamba. Jarida liliuondoa Agosti 2022. Nakala yake bado inafunguka, na makala za zamani bado zinautaja. Ukiukuta katika kifungu chochote, uondoe pamoja na hitimisho lililojengwa juu yake.

Onyo: utafiti kuondolewa hakukupi ruhusa ya kuandika kwamba mtu fulani ni mwongo. Habari za watu walio hai zina masharti makali, na hukumu ya udanganyifu hutolewa na chombo chenye mamlaka. Ukifika hapo, acha kuandika na uwaite wakabidhi.

Dalili: Makala inasomeka kama tangazo la mradi

Kila mradi umefanikiwa, kila jamii imefurahi, hakuna kilichoharibika. Chanzo karibu siku zote ni tovuti za miradi yenyewe. Tovuti hizo zinafaa kwa mambo mepesi, kama mwaka wa kuanza na eneo. Kwa matokeo tafuta mtu wa nje aliyepima.

Tenganisha lengo na tokeo. Mradi wa chaza wa New York, ulioanza 2014, unalenga kurejesha chaza bilioni moja ifikapo 2035; bilioni hiyo ni lengo. Kisha tafuta yaliyoshindikana, kwa makusudi. Fisi-maji walioachiwa pwani ya Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitoweka, wakati wale wa Washington na British Columbia walishika. Karibu na Fort Lauderdale, Florida, takriban matairi milioni 2 yalizamishwa miaka hiyohiyo ili yawe mwamba bandia. Yakakatika kamba, yakatangatanga na kugonga matumbawe halisi, na kazi ya kuyatoa imechukua miaka mingi. Makala isiyo na aya kama hii haijakamilika, hata kama kila sentensi yake ni kweli.

Dalili: Mifano yote iko Marekani na Ulaya

Vyanzo vya Kiingereza vya mtandaoni vimeelemea huko, basi. Ongeza ya ukanda wetu, kwa uhakiki uleule. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa 1968. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kililindwa 1994. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilitangazwa 1995. Katika Ghuba ya Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za kaboni tangu 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na fedha hizo zimekwenda kwenye maji na shule za vijiji. Jihadhari na neno "ya kwanza". Kila hifadhi ni ya kwanza ya aina fulani; andika ni ya kwanza wapi na kwa lipi, au liache neno hilo.

Onyo moja lisilo na mjadala: usiandike mahali kamili pa viota vya kasa, makundi ya nguva, au viumbe wengine wanaowindwa, hata kama ripoti imeweka ramani. Taja ghuba au wilaya, ikome hapo. Kama hujui kiumbe fulani kimo hatarini kiasi gani, waulize maofisa wa hifadhi husika kabla ya kuhifadhi ukurasa.

Dalili: Marekebisho yako yamefutwa

Fungua historia ya ukurasa usome sababu kwanza. Mara nyingi ni muhtasari wa hariri ulioachwa wazi: mhariri mwingine kaona sentensi yenye mvuto imeondolewa, akadhani ni uharibifu. Usirudishe yako papo hapo. Nenda ukurasa wa majadiliano, weka sentensi ya zamani, sentensi ya chanzo uliyoinakili, ukurasa au namba ya jedwali, na hesabu ya kipimo kama ipo. Msalimu mwenzako kwa jina la akaunti yake na umwombe asome jedwali hilo. Mpe siku kadhaa. Umeme hukatika, watu wana kazi.

Akijibu kwa chanzo bora, badilisha msimamo wako na umshukuru. Akirudisha tena bila maelezo, mwombe mhariri wa tatu asiyehusika, na ikiwezekana awe mtu wa fani ya uvuvi au bahari. Mkifika mara ya tatu ya kufutiana, acheni wote wawili kuugusa ukurasa na muwaachie wakabidhi, huku toleo lenye kasoro likiwa limewekwa kigezo cha kudai chanzo ili msomaji ajue kuwa sentensi hiyo bado inachunguzwa.